Kruza ya Boko ambayo eti haijaguswa tangu Jumapili

Nyie mnaouza pikipiki mtandaoni, mna roho mbaya sana.

Leo nimetoka Temeke mpaka Boko, helmeti kwapani, kwenda kuangalia kruza. Ile pikipiki kubwa ya kukaa umejilaza, miguu mbele. Mie naiotaga hiyo.

Muuzaji ni mzee mmoja, Baba Joshua. Nikampa shikamoo yake kwa heshima zote.

"Marahaba mwanangu. Hii naendaga nayo kanisani tu. Haijaguswa tangu Jumapili."

Kabla hajaiwasha, nikashika injini.

Nusura niungue!

"Mzee, mbona ya moto hivi?"

"Jua hilo."

Jua gani? Tumesimama kivulini!

Nikamwambia sawa, nasubiri ipoe ndiyo uiwashe. Akanuna. Akaanza kunitisha kwamba kuna wateja wengine wako njiani. Nikasema waje, tutasubiri wote. Nikakaa zangu juu ya ndoo, simbandui macho.

Ilipopoa akabonyeza starta. Kimya. Akabonyeza tena, ikakohoa, ikazima. Jasho linamtiririka.

Hapo mkewe akachungulia dirishani, maskini hana hili wala lile:

"Baba Joshua, niwaite tena majirani waje kusukuma kama asubuhi?"

Jamani!

Kumbe asubuhi wameisukuma mpaka ikawaka, ili mie nikifika niikute na moto wake, iwake kirahisi.

Hebu semeni, mngekuwa nyie mngemfanyaje?

Mzee, pikipiki baki nayo. Ila ile shikamoo yangu, nirudishie.