Kilo Ambazo Wachuka Hakuambiwa

Saa mbili asubuhi, umande bado umejaa kwenye majani ya chai, vilimani juu ya Karatina. Gladwell Wachuka anapita kiubavu kati ya mistari. Matawi yanamkwaruza tumbo, mengine yanavunjika.

"Mama Shiro, unatuharibia chai!" anafoka Kingori, msimamizi wa shamba. "Umenona kama bibi ya mbunge."

Wachumaji wenzake wanaangua kicheko. Wachuka hacheki.

"Hilo neno limenichosha," anasema, akitupa majani kikapuni. "Umenona, umenona. Huku kwetu ni sifa, ati umeona pesa. Pesa gani?"

Miaka mitatu iliyopita aliteleza akiwa na kikapu mgongoni. Pingili ya uti wa mgongo ilihama ikabana neva, na tangu hapo mguu wa kushoto unamchoma kama uliokanyaga makaa. Zahanati moja ya mjini ilimpa vidonge. Maumivu yakapungua, akarudi shambani. Kisha nguo zikaanza kumkataa: kutoka kilo 61 hadi 88.

Alipouliza sababu, daktari wa zahanati hiyo hakuinua hata macho. "Punguza chapati, mama."

"Chapati mimi nakula Krismasi!" anasema Wachuka, mwenye umri wa miaka 44.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Akina mama walipoona amejaa, walimshukuru Mungu kwa kumponya, wakamfuta kwenye orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Alisimama mbele akipigiwa makofi, mguu ukimwaka moto.

Ukweli aliupata Machi mwaka huu. Murugi, muuza dawa wa sokoni, alikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa ile ile, akamsomea: inaweza kuongeza uzito. Wachuka hakuwahi kuiona. Zahanatini alihesabiwa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1x2", basi.

"Miaka mitatu nikijilaumu, nikilala njaa. Na karatasi walikuwa nayo!"

Kwa hasira aliacha dawa. Siku ya nne hakuweza kushuka kitandani. Ameirudia, na Kingori amempa hadi mwisho wa mwezi: apite bila kuvunja chai, au aondoke.

Jumatatu atarudi kwa daktari.

"Sitaki hadithi ya chakula. Aniangalie usoni, anitafutie dawa ingine, na aniambie itanifanya nini kabla sijameza. Akikataa, sitoki kwa hicho kiti." Anajipiga nyonga kwa kiganja. "Na akitaka kunitoa, alete wanaume wanne wanibebe."