Vidole vya Nyanjige na Kibodi ya Springi

Wewe unayesoma hapa, ni lini mara ya mwisho uliviangalia vidole vya mtu anayekuchapia barua?

Mimi sikuwahi. Nilipomaliza kidato cha sita, barua yangu ya kuomba ufadhili wa chuo ilichapwa na Nyanjige, ambaye hapa Somanda, mjini Bariadi, tunamwita Mama Minza. Nikasoma, nikahitimu, nikarudi kufundisha kompyuta shule ya sekondari. Kila siku nilipita mbele ya kibanda chake cha steshenari nikimsalimia bila kusimama.

Kazi yake yafaa ielezwe, maana wengi wanadhani ni kugonga herufi tu. Mtu anatoka Migato au Mwandoya, ana shauri la shamba au la ng'ombe, ameambiwa alete maelezo yaliyochapwa, tena kwa Kiswahili. Anaketi kwenye kiti cha plastiki na kuanza kusimulia kwa Kisukuma. Mama Minza anachapa Kiswahili papo hapo, bila kumkatiza, macho yake usoni kwa msimuliaji. Mwisho anamsomea yote kwa Kisukuma, na msimuliaji anaitikia kwa kichwa: hivyo hivyo. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, tangu enzi za taipureta. Mtaa huo huo wapo vijana wanaochapa haraka kuliko yeye, lakini wao huanza kwa kusema, "Mzee, nieleze kwa kifupi." Yeye hajawahi kumwambia mtu hivyo. Kwake, shauri lililofupishwa limeshashindwa nusu.

Mwezi wa tano nilimpelekea mitihani ya wanafunzi, nikamkuta ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mizizi ya tangawizi. Hospitalini walisema ni baridi yabisi, wakampa vidonge, wakamshauri avipumzishe vidole.

"Nilimuuliza daktari nipumzishe vya mkono upi," aliniambia. "Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli."

Kurasa tatu zilizokuwa zikimchukua nusu saa sasa zilimchukua asubuhi nzima. Kibodi yake ilikuwa moja ya hizi za mpira zinazouzwa kila duka hapa mjini: lazima ukisukume kitufe hadi chini kabisa ndipo herufi itokee, na kila kisukumo kilipanda hadi kiwikoni. Nikamwambia dawa ipo. Nilikuwa nimesoma kwamba ziko kibodi ambazo kila kitufe kina springi yake, na herufi hutokea kabla kidole hakijafika chini. Nilijiona nimeshamponya.

Nilifunga safari hadi Mwanza. Duka nililoelekezwa lilikuwa na aina mbili: yenye swichi za bluu chini ya vitufe, ambazo hutoa mlio herufi inapoingia, na yenye swichi nyekundu, nyepesi na zisizo na mlio. Nikazijaribu zote. Ya bluu ilinipendeza, kwa sababu ule mlio ungemjulisha kwamba herufi imeingia, asiendelee kusukuma. Muuzaji, kijana anayeitwa Josia, aliniangalia nikichapa mbiombio.

"Kaka, unajinunulia mwenyewe?"

Nikamwambia ni ya mama mmoja mwenye ugonjwa wa vidole.

"Basi mlete mwenye vidole. Hivyo vyako vinapenda kila kitu."

Nikajibu kwamba mama huyo hana siku ya kupoteza barabarani. Nikabeba ya bluu.

Siku ya kwanza alifurahi, hilo siwezi kulificha. Alichapa ukurasa mzima bila kupumzika, akanionyesha vidole kama mtoto anayeonyesha mikono aliyonawa. Kesho yake akaja Mzee Jilala kutoka Migato. Watoto wa marehemu kaka yake walikuwa wamelima shamba la pamba la mzee huyo na kung'oa mipaka ya minyaa, na baraza la ardhi lilikuwa limempangia Ijumaa ya wiki iliyofuata kupeleka maelezo yake. Alikaa, akaanza na mwaka ambao baba yake alifyeka pori lile. Mama Minza akaanza kuchapa. Kibodi ikalia ta-ta-ta-ta. Mzee Jilala akanyamaza.

"Endelea, baba," Mama Minza alimwambia.

Akaendelea. Kibodi ikalia. Akanyamaza tena, ameinamisha kichwa kwa adabu, anasubiri. Kwetu mtu mzima akisikia mwenzake anajibu, hunyamaza amsikilize. Mara ya nne akamwita mama kwa Kisukuma, akasema taratibu, "Mayu, hiki kitu kinanijibu kila neno. Wacha kimalize cha kwake, nami nitakuja kumaliza changu." Watu waliokuwa wakisubiri walicheka, na yeye akacheka, lakini akasimama kweli, akaondoka.

Haikuwa yeye tu. Wiki ile kila msimuliaji alikatika katikati ya habari. Tulitandika kitambaa chini ya kibodi, tukatandika na gazeti, mlio ukapungua kidogo sana. Mama Minza akairudia ile ya mpira, maumivu yakarudi nayo.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Kila ofisi inadai karatasi iliyochapwa, na hakuna hata moja inayouliza nani ataichapa. Mashine zinaletwa kwetu zimeshapimwa kwenye vidole vya watu wengine, vijana na wazima, halafu sisi tunaambiwa tuzoee. Mkoa mzima unategemea pamba inayochumwa kwa vidole, wanawake wangapi wana vidole kama vya Mama Minza na hawajui hata jina la ugonjwa? Nilimwambia hayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu, halafu akaniomba nimfungulie kifuniko cha chupa ya chai.

Josia alikubali tubadilishane. Ya nyekundu ilifika kwa basi Alhamisi mchana, siku moja kabla ya siku ya Mzee Jilala. Safari hii sikuijaribu mimi. Mama Minza aliweka mikono juu yake, na kabla hajachapa lolote, skrini ikajaa herufi a, mistari miwili, mitatu. Kidole chake kidogo cha kushoto hakinyanyuki tena, kinalala pale kinapolala, na vitufe vile vilikuwa vyepesi mno kukihimili. Akajaribu kuning'iniza mikono hewani. Baada ya sentensi mbili mabega yakaanza kutetemeka.

Nikamwambia basi nichape mimi, yeye atamke. Tukajaribu na barua ndogo ya jirani. Alitamka maneno manne, akakwama. Alivitazama vidole vyangu, akafumba macho, akaanza upya, akakwama tena. "Maneno yangu yanapita hapa," alisema, akiinua ile mikono. "Mdomoni hayaji." Simu yangu inayoandika kwa sauti haijui Kisukuma hata salamu. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikaizungushia waya wake ile kibodi nyekundu, nikairudisha kwenye boksi lake, na yeye akanishukuru kwa upole ulioniumiza kuliko lawama.

Ijumaa asubuhi nilipita kibandani kabla ya vipindi. Mzee Jilala alikuwa ameshafika, kofia magotini. Mama Minza alikuwa ametoa mikono kwenye maji ya moto, anaikausha kwa kanga. Kibodi ya mpira ilikuwa mezani.

Mzee alianza tena na baba yake na lile pori. Mama Minza alichapa, macho yake kwa mzee kama zamani. Walifika kwenye mwaka wa njaa, wakafika kwenye mwaka wa minyaa kupandwa. Hapo mkono wa kulia ukasimama. Aliukunja taratibu, akaukunjua, akaurudisha kwenye vitufe, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Lakini mzee alikuwa ameacha kuutazama uso. Alikuwa anatazama vidole.

Aliishika kofia magotini. Kisha akasema, "Mayu, andika tu kwamba shamba ni langu."

"Bado hujamaliza, baba. Hujataja aliyeshuhudia. Hujataja kaka yako alisema nini."

"Nimemaliza."

"Baba, nina nafasi. Sema."

"Nimemaliza, mwanangu."

Mama Minza aligeukia skrini. Halafu akachapa sentensi moja, akamsomea kwa Kisukuma, na mzee akaitikia kwa kichwa. Printa ikatoa karatasi, maandishi hayajafika hata nusu yake. Mzee Jilala aliweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya yale maneno machache, akaipuliza karatasi ikauke. Akavaa kofia, akamshukuru, akashika njia ya kwenda barazani.