Barua Iliyoniita Baba

Kwetu, upande wa Kongo wa ziwa, tulikuwa watoto wa mwami, mtawala wa kurithi, na hata vita havikututoa kiburi. Risasi zinalia mlimani, lakini dada yangu akiniandikia hujaza nusu ukurasa kwa salamu, kwa kufuata ukubwa wa kila mtu katika ukoo. Mimi nilikuwa Guangzhou, nikiwanunulia vitambaa wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwana wa mwami mzima, begani nimebeba marobota ya soko la vitambaa la Kangle, na kila duka wananiita "laoban", bosi, watu wasiojua hata nimetoka wapi. Nilikuwa mpweke, nisidanganye. Sikuwa na mtu wa kumwamkia wala wa kuniamkia.

Barua zilivushwa hadi Kigoma, zikafika Dar, kisha zikaja na mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akifuata mapazia. Faksi zilikuwapo, ila tuliziona mambo ya wachuuzi. Mchana mmoja alinikuta kwenye mgahawa mtaa wa Dengfeng.

"Chukua, mwanangu, ya dada yako hii. Imelala na karafuu mkobani, usishangae harufu."

Niliisoma nimesimama. Ilianza: "Shikamoo Baba."

Baba yetu alipofariki, sisi wadogo tulianza kumwita kaka yetu wa kwanza Baba. Katika boma letu huitwa hivyo mtu mmoja tu, na mimi ni wa pili kwa kuzaliwa. Tena kifo cha mwenye boma hakiandikwi. Husemwa kwa mdomo, watu wameketi. Dada hakuwa na njia nyingine ya kuniambia kwamba kaka amekufa. Baada ya salamu aliuliza jambo moja: yeye na mama wavuke ziwa, au wabaki? Hakuna anayehama boma bila neno la Baba.

Nilipandwa na hasira. Nikamjibu kwa Kifaransa, lugha tuliyotumia kugombana tangu shule ya mapadri, kwamba mimi si Baba, amwulize kaka mwenyewe. Yule mama akaondoka na jibu. Mimi nikaenda sokoni kumchagulia kaka kitambaa cha suti, cha kijivu, nikamsisitizia muuzaji akate cha kumtosha mtu mrefu.

Yule mama wa Kizanzibari alirudi msimu uliofuata na bahasha nyingine. "Shikamoo Baba," dada aliandika tena, kana kwamba hakusoma matusi yangu. "Mama amefunga mizigo, ameikalia. Majirani wote wameshavuka. Tunasubiri neno lako."

"Kheri huko kwenu?" yule mama akauliza.

"Kaka yangu amefariki."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Akavuta kiti.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Keti kwanza, mwanangu. Keti."

Tukaketi wawili tu, katikati ya watu wanaokula wali na kubishana bei. Nililia mbele yao bila haya. Kisha nikaingia duka la simu la jirani, nikaomba kutuma faksi kwa mfanyabiashara wa Kigoma aliyekuwa akituvushia barua. Niliandika: "Vukeni leo. Msibebe kitu, mshikeni mama tu." Chini nikatia sahihi: Baba.

Mwenye duka akaiingiza karatasi kwenye mashine, ikapita. Nilipotoka nje sikuwa na kaka tena.