Nyuki Katika Sanduku la Maswali

Ule mvumo, mwanangu, bado ninao masikioni. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nami nimeingia peke yangu katika kanisa letu dogo la Ipole kuchukua daftari la darasa la ubatizo. Sauti ilikuwa nzito, ya mfululizo, kama watu wengi wanaosali bila kufumbua midomo. Nilidhani jenereta limewashwa nyuma ya ukuta. Kisha nikadhani, kwa kuwa wiki nzima sikuwa nimelala vizuri, kwamba sauti imo kichwani mwangu. Nikasogea hatua tatu, nikajua. Sanduku la maswali ndilo lililokuwa linavuma!

Umeniuliza katika barua yako kama kijana Mkristo anaruhusiwa kuuliza. Nakujibu kwa habari ya sanduku hilo, na uniwie radhi nikianza mwanzo kabisa, maana sijui kuruka hatua.

Wakati ule nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya theolojia. Mimi ni mtoto wa Tabora mjini. Nilikwenda Ipole kwa miezi sita kufundisha vijana huku nikiandika tasnifu. Kanisa liko kando ya barabara ambayo wazee bado wanaiita njia ya misafara, na karibu kila kaya ina mizinga msituni. Niliona vijana wanaona haya kuuliza mbele ya wenzao, nikamwomba fundi anitengenezee sanduku la mninga lenye tundu jembamba, waingize vikaratasi vyao humo. Fundi alitaka kulipaka vanishi. Nikakataa, nikanunua nta sokoni, nikalisugua mwenyewe ndani na nje mpaka likang'aa. Nilijivunia mno.

Majuma ya kwanza yalikuwa matamu. Je, ni dhambi kusikiliza bongofleva? Je, Mungu anaelewa Kinyamwezi? Nilijibu kila karatasi kwa furaha, tena kwa rejea. Halafu siku moja nikakunjua kikaratasi kisicho na jina, chenye maneno manne tu: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?"

Nilikuwa nimezama katika vitabu vilivyonionyesha pande nyingi za kila jambo, na asubuhi ile sikujua nimesimama upande upi. Nikalifunga sanduku kwa kufuli, tundu likabaki wazi, nikajiambia nitalifungua nikishapata jibu linalostahili. Sikulifungua kwa wiki tisa. Niliendelea kufundisha, lakini kila nilipopita karibu nalo niliangalia pembeni.

Sasa lilikuwa linanivumia. Nilitoka mbio, kiatu kimoja nimekiacha mlangoni, nikamwita Mzee Kapela, mzee wa kanisa na mrina asali wa miaka mingi. Alikuja na bomba lake la moshi, akaliangalia sanduku, akalinusa.

"Nani amelipaka nta?"

"Mimi, mzee."

Alicheka mpaka akashika benchi. "Mwalimu! Sisi tukitaka nyuki waingie mzingani tunapaka nta, tunaacha tundu, halafu tunakaa mbali. Wewe umefanya yote matatu, tena kanisani! Umetega vizuri kuliko mkwe wangu."

Nilicheka naye, lakini lile la tatu lilinichoma. Tunakaa mbali.

Alipokwisha kuwahamisha nyuki, tulikuta vikaratasi vingi vimetafunwa au vimeganda katika nta. Kimoja tu, kilichokunjwa mara nne pembeni kabisa, kilisomeka:

"Mimi ni Nyamizi. Marehemu baba hakubatizwa. Kila aliporina asali aliacha sega la kwanza juu ya jiwe, kwa ajili ya waliotutangulia. Sasa narina mimi na mama. Nikibatizwa nitakuwa nimemkana baba? Na yeye yuko wapi?"

Nyamizi alikuwa ameacha kuja darasani mwezi mzima. Nilikuwa nimemwandikia "mtoro" katika daftari. Orodha ya ubatizo ilikuwa inafungwa Jumamosi, na jina lake lilikuwa linakatwa.

Unadhani nilimkimbilia? Nilikwenda kuandika. Kufikia Alhamisi nilikuwa na kurasa kumi na moja kuhusu wokovu na mila, zenye tanbihi chini ya kila ukurasa. Nilimwonyesha Mzee Kapela. Alisoma polepole, kisha akaweka kidole juu ya tanbihi.

"Hawa wote ni akina nani?"

"Wataalamu, mzee."

"Walimfahamu baba yake?"

"Hapana."

"Mimi nilimfahamu. Mtoto anauliza habari za baba yake, wewe unamletea wageni. Mpigie simu."

"Nitamwambia nini? Jibu lote sinalo."

"Basi anzia hapo hapo."

Mwanangu, hiyo ndiyo nasaha yangu. Uliza. Mungu hatishwi na swali lako. Anayetishwa mara nyingi ni mwalimu wako. Ukiulizwa nawe, na siku hiyo itakuja, usimwache mtu akisubiri mpaka uwe na hakika ya kila kitu. Mpe kile unachokiamini kweli, hata kikiwa kidogo, na ukiri kile usichokijua. Mimi nilikaribia kumpoteza binti kwa sababu nilitaka jibu langu lisiwe na kasoro.

Nilipiga simu ya mama yake. Iliita mara nyingi, ikapokelewa na Nyamizi mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Nyamizi. Nimechelewa kusoma swali lako wiki nyingi. Nisamehe. Lakini niambie kwanza, baba alipoliacha lile sega, alisema nini?"

"Alisema asante tu. Asante kwa msitu, asante kwa waliomfundisha."

"Basi shukrani hiyo huna haja ya kuikana. Utamwelekezea Mungu aliyekupa msitu na akakupa baba. Na alipo baba yako sijui, Nyamizi. Ninachoamini ni kwamba Mungu anamjua kuliko sisi wawili tunavyomjua, na ana huruma kuliko sisi."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Kwa hiyo mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?"

Yale maneno manne! Kumbe yalikuwa yake.

"Naamini," nilisema, machozi yakinitoka na kicheko pia. "Siku nyingine kwa kutetemeka, lakini naamini. Mungu akubariki wewe na maswali yako yote, na asikuache peke yako na hata moja." Na wewe mwanangu, baraka hiyo hiyo nakuwekea kichwani.

"Amina," alisema Nyamizi. "Jumamosi nakuja. Ila mwalimu, habari za nyuki zimenifikia, lile sanduku safari hii nitalipaka mimi. Vanishi."