Hedi za Famau na Mawe ya Shifaa

Famau wa Chundwa amebeba abiria kwenda Amu, mji wa Lamu, miaka ishirini na mbili, na sijawahi kumsikia akikiri kosa. Boti yake ya mbao ni pana, nzito, na chini yake huingia sana majini. Mimi Hamdun ndiye fundi wa injini yake. Hedi zake, yaani vile vichwa vya chuma vinavyofunika silinda, nilishazipanua njia za hewa na moshi kwa tupa, kwa mikono yangu, na injini ikapata pumzi. Tungeachia hapo.

Kisha Jeilani akaleta boti ya faiba. Abiria wakamhama Famau kana kwamba hawakuwahi kula wali wake wa Idi. Iliniuma.

Siku moja akanijia na picha kwenye simu: hedi mpya za Mombasa, zimepanuliwa kiwandani, valvu kubwa.

"Fundi, zitafaa?"

"Zitakupunguzia dakika kumi, na dizeli itaongezeka. Lakini mayi ya Mkanda hayatakungoya, Bwana Famau."

Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakitoka, boti nzito hukwama mpaka yajae. Boti ya Jeilani ni nyepesi, hupita hata penye maji ya magoti. Famau anajua hayo kuliko sisi sote.

"Jeilani anishinda mbio tu," akanijibu.

Ningebisha. Nilinyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa haba, na kufunga hedi zile kungenilisha mwezi mzima.

Huku kwetu baba humjengea binti nyumba, na mume huja kuishi humo. Famau alikuwa akimkusanyia binti yake Shifaa mawe ya kujengea tangu mtoto yuko chuoni akisoma Kurani, miaka kumi na mmoja, yamepangwa nyuma ya nyumba. Aliyauza yote anunue hedi. Punda waliyabeba siku tatu, na mkewe Swafiya alifunga dirisha asiwaone.

Nikafunga hedi. Injini ilinguruma vizuri, siwezi kusema uongo. Safari ya kwanza tulimwacha Jeilani mbali, abiria wetu wachache wakapiga vigelegele, na Famau akanipiga bega kwa furaha. Tukawa wa kwanza kufika Mkanda, maji yakiwa bado hayajajaa. Boti ikagota mchangani. Famau akazima injini, tukakaa zaidi ya saa nzima, jua la utosi, hedi mpya zikipoa.

Jeilani akaja polepole, akapita kando yetu, akatoa salamu. Famau akaitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu.

Watu waliomposa Shifaa waliuliza nyumba itakwisha lini. Walipoona pale nyuma pametambaa majani tu, wakaposa kwingine. Famau bado anazisifu hedi zake kwa yeyote atakayemsikiliza. Ana hasira na kila mtu ila nafsi yake.

Juma lile posa ilipovunjika, Shifaa alinifuata karakanani.

"Ami Hamdun, baba alikuuliza kabla ya kuuza mawe yangu?"

"Aliniuliza."

"Na wewe uliyua hazitafaa?"

Nilikuwa nimeshika spana, nikaiweka chini.

"Naliyua, mwanangu."

Alitazama mikono yangu yenye grisi, kisha akaondoka. Tangu siku hiyo nikimtolea salamu haitikii, na sithubutu kumwambia kuwa ni wajibu.