Siku Niliyoutia Mlango Grisi

Harufu ya grisi, ile nzito nyeusi ya mafundi wa baiskeli, bado hunisimamisha njiani. Juzi nilikuwa napita kando ya banda moja mjini Bungoma, madaftari ya wanafunzi kwapani, ikanipiga puani, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Mara nikawa Matisi, Kitale, msichana wa darasa la tano mwenye magoti ya vumbi na maswali mengi kuliko adabu.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya vyumba viwili. Baba aliendesha trekta katika shamba moja kule Endebess, akirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Mama aliuza sukuma wiki langoni, ingawa alikuwa amesomea ualimu na cheti chake kilikaa ndani ya Biblia kikingoja. Mwaka ule barua ikaja: shule moja ya Kamukuywa, upande wa kwao, ilimtaka akafundishe. Mama aliimba siku nzima. Baba alipoisoma barua, aliikunja polepole akairudisha mezani.

"Na mimi nibaki hapa na nani?"

"Si tuende wote?"

"Kamukuywa kuna trekta yangu?"

Haukuwa ugomvi wa ngumi wala matusi. Walibishana juu ya chumvi, juu ya ndoo, juu ya dirisha lililoachwa wazi, na ndani ya kila jambo dogo mlikuwa na barua ile. Baba akahamia kochi la sebuleni. Mimi nililala kwenye godoro pembeni, nyuma ya pazia.

Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja kuwapatanisha. Alikunywa chai vikombe viwili, akatangaza kwa sauti ya mimbarini, "Nyumba hii ina msuguano." Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Alipoondoka nilimwuliza Mama, aliyekuwa ameinamia vyombo.

"Ni kusugua tu," alisema bila kugeuka. "Vitu viwili vinasuguana. Hebu lete majivu."

Nilimtazama akiisugua sufuria kwa gunzi la mahindi mpaka masizi yakaisha ikang'aa. Kumbe msuguano unasafisha! Mbona basi macho yake yalikuwa mekundu?

Kesho yake, baada ya shule, nilimpelekea swali Mzee Salim, fundi baiskeli wa karibu na msikiti. Alicheka, akagusa alama nyeusi iliyokuwa katikati ya paji la uso wake. "Hii inaitwa sugu. Paji limesuguana na mkeka wa kuswalia miaka yote hii. Sugua, suguana, msuguano, sugu. Ni ndugu wa tumbo moja, mama." Kisha akafungua gurudumu akanionyesha gololi. "Hizi zikisuguana kavu, zinalika. Ndio maana tunatia grisi."

"Na watu je?"

Alinitazama kidogo. "Watu hawana mahali pa kutia, bana."

Lakini nilipomwomba, alinipakulia grisi ya kijiko kimoja kwenye kipande cha gazeti.

Niliizungusha nyumbani nikitafuta mahali ambapo Baba na Mama waligusana. Sikupaona. Palikuwapo mlango wa chumba chao tu, uliolia kama mbuzi kila ulipofunguliwa. Hapo ndipo Baba aliposimama upande huu na Mama upande ule wakirushiana maneno. Nikapaka bawaba zake zote. Grisi ikabaki, nikapaka na za mlango wa nje. Nilifungua, nikafunga. Kimya kabisa. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu.

Asubuhi niliamshwa na baridi. Mlango wa nje ulikuwa umeachwa nusu wazi na ukungu unaingia. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sanduku halikuwepo, Biblia haikuwepo. Sare yangu ilikuwa imekunjwa vizuri kando ya godoro. Baba alikimbia hadi barabarani, akarudi mikono mitupu, akasimama akiusukuma mlango mbele na nyuma.

"Si huu huwa unalia?" aliuliza. "Kwa nini haukulia?"

Akapitisha kidole kwenye bawaba, kikatoka cheusi. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa natengeneza. Hakunipiga. Alijipangusa kwenye suruali ya kazi akasema, "Vaa, utachelewa shule."

Jioni ile nilizisugua bawaba kwa majivu, kwa gunzi, kwa mchanga, mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tatu mlango ukaanza kulia tena. Mama hakurudi.

Nilisoma Kitale, likizo nikaenda Kamukuywa, ambako watoto walimwita Mama "Mwalimu" na yeye akacheka kicheko ambacho sikuwa nakijua. Yeye na Baba walizungumza kwa simu, kwa upole, kama watu wa ofisi mbili tofauti: hujambo, mtoto amefika, haya asante. Hawakubishana tena hata mara moja.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili. Naandika ubaoni "sugua", naongeza "-na", nawaambia wanafunzi kwamba kiambishi hicho kidogo kinataka wawili, mmoja hasuguani. Utotoni nilidhani msuguano ni jina la ugonjwa na kwamba nilikuwa nimeshika dawa yake. Sikujua kwamba wazazi wangu, walipogombania chumvi na ndoo, walikuwa bado wanagusana kwa namna pekee iliyowabakia.

Mwaka jana nilijikaza nikamwuliza Mama kama angebaki iwapo Baba angeamka usiku ule. Alikuwa anasahihisha mitihani, na hakuinua kichwa.

"Sijui," alisema. "Nilisimama pale kwenye kochi muda mrefu. Alikuwa amelala vizuri."