Vifurushi vya Ulezi Katika Chumvi Yangu ya Kuogea

Admin, nifichie jina, na ofisi usiitaje. Mji wetu ni mdogo na wenzangu wengi wanausoma ukurasa huu wakiwa kazini.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, kwetu Namanyere, na ni karani wa masjala hapa Sumbawanga. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Si ndugu yangu, lakini ananiita mjukuu, nami sijawahi kutoka asubuhi bila kumpa shikamoo. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote. Naomba mlikumbuke hilo la macho.

Mwaka jana nilianza kutengeneza chumvi ya kuogea. Natwanga chumvi ya mawe, nachanganya na magadi soda kidogo na matone ya mafuta ya mkaratusi, naweka kwenye chupa za kioo. Kiangazi sikupata shida. Mvua zilipoanza, na mnaujua ukungu wa huku juu, chumvi ikawa inagandana. Dada mmoja wa ofisini alinirudishia chupa yake mbele ya watu.

"Mdogo wangu, hii ni ya kuogea au ya kujengea msingi?"

Walicheka mpaka mhudumu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilipunguza mafuta, nikaikausha chumvi kwenye sinia juu ya jiko la mkaa, nikaanika chupa juani. Baada ya siku nne ikawa jiwe tena.

Bibi alikuwa akinitazama. "Unahangaika bure, mjukuu wangu. Kaanga ulezi mpaka ukauke kabisa, ufunge kwenye kitambaa, uuweke chini ya chupa. Ulezi utakunywa maji, chumvi itabaki kavu. Mama yangu alitunza chumvi yake hivyo mvua zote."

Nikafanya hivyo, kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichana shuka langu kuukuu jeupe, nikafunga kwa uzi mwekundu kwa kuwa ndio pekee niliokuwa nao. Na ulezi ukikaangwa sana unakuwa mweusi. Nyeupe, nyekundu, nyeusi: rangi za waganga. Mimi niliyesoma sikuona kitu. Niliona tu kwamba chumvi sasa inamwagika kama mchanga, na sikumwambia mteja yeyote kilichomo chini, maana niliogopa kuigwa.

Chupa moja nilimpa mama wa ofisi ya jirani, nitamwita Mama J. Alikuwa mjamzito, miguu inamvimba, akawa anailoweka jioni kwa chumvi yangu. Alinisifia sana. Kisha mimba ikaharibika. Alikaa nyumbani wiki mbili, na siku aliyorudi kazini alikuja moja kwa moja masjala, ameshika mfuko wa nailoni kwa ncha za vidole. Akautua juu ya majalada. Ndani kulikuwa na kifurushi changu.

"Chupa imeisha, nimekuta hiki. Niambie wewe ni nini."

Mlangoni watu walikuwa wameshasimama. Mmoja akasema, "Si anakaa kwa yule bibi wa macho mekundu?"

Mama J akaniuliza taratibu, "Ni yeye aliyefunga?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba sikujua kuna nini ndani. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema "ni ulezi tu, nimefunga mimi," nikaiacha ipite, kwa sababu niliona macho yao na nikataka yaangalie pengine.

Yakaangalia pengine. Mama J alinikumbatia, akaniambia, "Pole mdogo wangu, umeponea chupuchupu. Hama pale." Tangu siku hiyo jirani zetu hawaji tena kwa Bibi kuomba moto. Watoto waliokuwa wakicheza uani kwake wameitwa makwao. Juzi kaka zake wawili Mama J walisimama ng'ambo ya barabara, wakaitazama nyumba yetu kwa muda mrefu. Jana nimesikia bombani kwamba Jumamosi wanaletwa lambalamba, wale waganga wanaopita nyumba kwa nyumba kusaka wachawi. Mwanamke mmoja alisema, "Wakianzia kwa yule bibi, hawatahitaji kwenda kwa mwingine." Waliponiona wakanisalimia kwa huruma.

Nimewaza kwenda kwa mtendaji wa kata. Lakini atanitaka nieleze, na maelezo yataandikwa, na mimi ni karani, najua karatasi ikishasainiwa hairudi. Nikisema ukweli, kifurushi ni changu, mkono ni wangu, na kaka zake Mama J wanajua ninapolala. Nikihama kimya, Bibi anabaki peke yake na Jumamosi.

Yeye hajui kitu. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, mbona siku hizi watu hawapiti? Kuna msiba sikuambiwa?" Nikamjibu ni mvua.

Leo asubuhi nimetoka kwenda kazini nikamkuta amekaa kizingitini, amenyoosha miguu, sindano mkononi. Amechana kipande cha shuka langu lililobaki, amefumua uzi mwekundu kutoka kwenye kanga yake. Vifurushi kumi na viwili amevipanga dirishani kwake, upande wa barabarani, vipate jua.

"Nimeona umeacha kutengeneza," akaniambia, "nikajua kazi zimekuzidi. Nimekufungia mwenyewe."

Nilishindwa hata kumwambia aviondoe, maana angeniuliza kwa nini. Naandika haya nikiwa ofisini, na vile vifurushi bado viko pale dirishani.

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Msinitukane kwanza, nishaurini: nianzie wapi, na nimwambie nani kabla ya wengine, Mama J au Bibi?